Ufunguo kwa Picha

4 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo. Barua hii nampa konda wa basi la asubuhi, yule mwenye mwanya, na wewe unijibu kwa mkono wake huyo huyo. Uandike kwa anwani ya duka la Mama Cherehani, fundi nguo jirani yangu. Nyumbani kwangu usiandike. Simu ndiyo usiitaje kabisa. Miaka yote ya ndoa, nilipokaa kwa yule bwana, ujumbe wangu aliusoma kabla sijausoma mimi, mpaka leo sijui kwa njia gani. Simu niliyo nayo sasa ni ya biashara tu. Humo naandika bei na asante, basi. Ikiita sipokei, maana sauti yangu anaijua.

Kitasa ulichokuja kunifungia kinafanya kazi. Natoka, nakijaribu, nikifika kona narudi kukijaribu tena, mpaka muuza mkaa ananiuliza kama nimesahau chungu jikoni. Nacheka naye. Lakini Kaka, naogopa. Kule alitufungia kwa nje kila alipotoka, komeo na kufuli, ufunguo mfukoni mwake, mimi na mtoto tukabaki ndani kama mizigo ya stoo. Sasa ufunguo ni wangu na bado nalala nimeegemeza meza mlangoni.

Haya, la biashara. Makava ya simu yameniangusha. Mabegi nayo yameniangusha. Nimekaa nikajiuliza kwa nini, nikaona kosa langu: nauza kile anachouza kila mtu, kwa kila mtu. Basi nikaacha kuuza, nikaanza kusoma tu watu wanalalamika nini huko mtandaoni. Na kuna lalamiko moja halijibiwi na mtu: “Kabati la marehemu mama limebaki na ufunguo mmoja, wa kizamani, mafundi wa mtaani wanasema mashine zao haziuwezi.” Mwingine sanduku, mwingine meza ya ofisi. Ni wachache na wametawanyika, kila mmoja anadhani shida hiyo ni yake peke yake, na ufunguo wenyewe wanaogopa kuutuma usije ukapotelea njiani.

Wewe una yale makopo ya Baba, yamejaa funguo za kizamani ambazo hazijachongwa meno. Mteja ataulaza ufunguo wake juu ya karatasi ya hesabu yenye miraba, apige picha. Mimi nitaichapisha na kukutumia, wewe utachonga kwa tupa na kumtumia kwa basi. Jina la biashara tayari ninalo: Ufunguo kwa Picha. Langu halimo, lako halimo. Usikatae kabla hujanywa chai.

Mdogo wako,
Chiriku


9 Februari

Chiriku,

Marahaba. Chai nimekunywa na bado nakataa.

Unamkumbuka Baba. Hakuchonga ufunguo bila kuliona kufuli. Kuna bwana alimwambia mlango uko mbali, Baba akamjibu aulete. Na kweli yule bwana aliubeba mlango kichwani, akaja nao, jasho linamtiririka, soko zima linamshangilia. Wewe ulikuwa mdogo, ulikaa chini ya meza unakula makombo ya chuma. Baba alikuwa akisema, anayekataa kukuonyesha kufuli si mwenye kufuli.

Sasa unaniambia nichonge kwa picha, kwa mtu nisiyemwona uso.

Lakini najua pia kodi ya chumba hailipwi kwa masharti ya Baba. Basi tukubaliane. Makabati, masanduku, droo. Mlango wa nyumba ya mtu, hapana. Na kila ufunguo nitaupiga alama yetu shingoni, mikato miwili ya tupa kama Baba, ili mtu akirudi na kelele zake nijue kama ni wangu.

Funguo za kitasa chako nazo zimetoka kwenye makopo hayo hayo, ndiyo maana nakwambia lala. Hakuna mashine ya mtaani inayoweza kunakili ufunguo wake. Funguo zako ziko mbili duniani, na zote unazo. Meza iache ikae mahali pake, mtoto atajigonga.

Kaka


2 Aprili

Kaka Fundi,

Shikamoo, na mikono ipumzike kidogo, maana najua nimekuchosha. Mwenyewe umeona bahasha zinavyonenepa. Jana nimejaribu kuandika mtandaoni kama mteja: “kuchongesha ufunguo wa zamani kwa picha.” Tumetokea sisi. Nikashuka chini, nikashuka tena, hakuna mwingine, Kaka! Kwenye makava ya simu wauzaji walikuwa wamejazana mpaka sionekani. Huku anayetafuta, atake asitake, lazima aangukie kwetu. Nimenunulia mtoto viatu, na mwenye nyumba amekuwa ananisalimia.

Mama alikuja mtoto alipobanwa na kifua. Alinisaidia sana, nilimwachia ufunguo mmoja awe anatoka na kuingia. Akaondoka nao! Kausahau kwenye pochi. Wiki nzima nilikaa roho juu, mpaka alipourudisha kwa konda, ameuviringisha kwenye leso. Alilia alipoona ninavyoegemeza meza. Aliniuliza kama ndoa ndiyo imekwisha hivyo. Nikamwomba asimtajie mtu mji huu, hata mchungaji wake, akaapa.

Sasa usinikasirikie. Nimeanza kupokea milango. Wateja wa milango ni wengi kuliko wa makabati, na hulipa bila kuvutana. Nachagua lakini, wenye maneno ya ovyo nawaacha.

Kwenye bahasha hii kuna makabati, na mlango mmoja. Huyu wa mlango anajiita Mtulivu, na kweli ametulia. Adabu mpaka raha. Kalipa kwanza, hakupunguza bei, hakuuliza mara mbili. Anasema ni chumba cha mke wake, mke yuko mbali naye kwa muda, anataka kuingia amwekee zawadi akirudi ashangae. Nilisoma maneno hayo, nikayasoma tena. Wapo waume wa namna hiyo, Kaka, kumbe wapo. Mzigo wake utaachwa ofisi ya basi ya mji huu huu, atauchukua mwenyewe.

Mchongee vizuri.

Chiriku


6 Aprili

Chiriku,

Ukimaliza mstari huu mchukue mtoto, ingieni kwa Mama Cherehani, halafu ndipo usome unaofuata.

Ile picha ya Mtulivu ni ufunguo wako.

Niliiweka kwenye mwanga nihesabu miraba, nikaona shingoni mikato miwili. Nikadhani macho. Nikachukua kioo cha kukuzia, mikato ipo. Halafu meno. Meno hayo niliyachonga mimi, nayajua kwa vidole. Nimekaa chini kwenye sakafu ya kibanda, wateja wananiuliza kama ni malaria.

Nani kampa picha, hilo niachie mimi. Wewe usilifikirie.

Nimewaza kukataa kazi. Nikikataa, atatafuta nyundo. Akiwa anasubiri ufunguo, nyundo haimjii akilini. Kwa hiyo nimeuchonga na nimeutuma leo kama kawaida, lakini nimeuchonga kwa mara ya kwanza maishani ili usifungue. Utaingia vizuri mpaka mwisho. Karibu na ncha nimechimba kishimo chenye ukuta wima, kipini cha ndani ya kitasa kikidondokea humo hakipandi tena. Hautazunguka na hautatoka. Siku utakapokuta ufunguo umenasa mlangoni, jua amefika, na jua hakuingia. Lakini nataka siku hiyo ikukute huko mbali. Hama leo.

Simu ya biashara nilipiga kwa mara ya kwanza, iliita mpaka ikakata. Ni masharti yako mwenyewe, sikulaumu. Ujumbe sikuthubutu kuandika, kwa vile ulivyoniambia kuwa anausoma kabla yako. Nimempa konda barua mkononi na nimemwapisha.

Nilikwambia lala. Nisamehe kwa neno hilo.

Kaka


10 Aprili

Kaka,

Shikamoo sijui kama nikuamkie.

Jana nilimpeleka mtoto kliniki. Tumerudi mchana, jua kali, watu wamejaa njiani, mtoto ananihadithia habari za sindano. Nikaingiza mkono kwenye pochi nitoe ufunguo, nikainua macho, ufunguo mwingine uko mlangoni. Umezama mpaka shingoni. Chini yake, kwenye kizingiti, mfuko wa plastiki. Nikaufungua kwa mguu. Ndani mna komeo jipya la chuma, skrubu zake, bisibisi na kufuli.

Komeo la kufungia kwa nje, Kaka. Skrubu za inchi mbili, kama zile za kule. Sikupiga kelele. Nilimbeba mtoto ingawa ni mzito siku hizi, nikarudi njia niliyojia. Muuza mkaa ndiye aliyekuja nami baadaye kuchukua nguo, tukazivuta kwa mti kupitia nondo za dirisha. Alisema alimwona bwana mmoja nadhifu, anahangaika na mlango kwa adabu, akadhani ni fundi wa mwenye nyumba.

Muuza mkaa aliuvuta ufunguo kwa koleo. Haukutoka. Basi niliinama nikautazama, na nimeiona alama. Mikato miwili shingoni.

Umeuchonga wewe. Ulisema funguo ziko mbili duniani. Mimi ninazo mbili. Huu wa tatu umetoka mkononi mwako, hakuna mkono mwingine unaoweza, wewe mwenyewe uliniandikia. Nimejaribu kufikiri uliambiwaje. Alikulilia? Alikulipa? Alikwambia mtoto anamhitaji baba? Tangu jana nazungumza na wewe kichwani na kila jibu lako linanitia baridi.

Hata wa kumwambia sina. Mama Cherehani hayupo tangu wiki iliyopita, kaenda kwa bintiye aliyejifungua, duka limefungwa na makufuli mawili.

Nimehama. Sitakwambia wapi. Ulinifundisha kushika tupa, ulinibeba mgongoni kuvuka mtaro. Sikuwa nakuogopa wewe. Katika watu wote, wewe tu ndiye sikuwa nakuogopa.

Usinitafute.

Dada yako


13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui.

Naandika huku nimejizuia, kwa hiyo nisamehe nikikosea adabu. Nina picha mbele yangu. Ni ufunguo wa mlango wa mwanao, umelazwa juu ya karatasi ya miraba, na karatasi imelazwa juu ya kitambaa. Ukingoni kitambaa kina maua yaliyofumwa kwa mkono, na ua moja limekatika, pale nilipomwagia chai ya moto mwaka niliofeli mtihani. Nakifahamu kitambaa hicho, Mama. Nilichapwa kwa ajili yake.

Mdogo wangu sikumwambia. Yeye anadhani ni mimi niliyemuuza, na nimeacha adhani hivyo, maana nikimwambia ukweli atabaki hana mama. Lakini sijui yuko wapi. Sijui kama mtoto amekula. Kila basi likiingia natoka kibandani kumtazama konda, naye anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Kama yule bwana anajua mahali walipo, muulize na uniambie. Kama hajui, tafadhali usimsaidie kutafuta.

Mwanao


19 Aprili

Kaka yangu, Kaka Fundi,

Shikamoo. Shikamoo mara nyingi.

Mama Cherehani amerudi leo. Amefungua duka, akakanyaga bahasha yako pale konda alipoisukumia chini ya mlango. Ilikuwa humo tangu tarehe saba. Mimi nilipita mbele ya mlango ule siku ya kliniki, nimemshika mtoto mkono, na barua yako iko upande wa pili wa ubao. Nimeisoma nimesimama. Mama Cherehani alinivutia kiti, nikakikosa.

Sijui niombe msamaha namna gani. Nimelia mpaka mtoto akaniletea maji kwenye kifuniko cha sufuria. Nilikuandikia maneno ya kumwandikia adui. Na wewe uliuharibu mkono wako, uliokuwa haujawahi kuchonga ufunguo mbovu, kwa ajili yangu.

Tena picha ile niliichapisha mimi! Niliikunja, nikaitia kwenye bahasha, na ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye pochi yangu. Kila siku naushika, kwenye karatasi nikashindwa kuutambua. Nikamsifu na adabu zake.

Sikiliza lingine, keti kwanza. Ameandika. Hajui ni mimi, Kaka, hajui mpaka sasa. Amekuja kwenye ukurasa kama mteja mwingine yeyote: “Habari za kazi. Ufunguo wenu umenasa mlangoni. Naomba mnichongee mwingine, na safari hii muwe makini.” Ametupa nyota moja. Nyota yetu mbaya ya kwanza. Nilicheka, halafu nikayasoma tena. Maneno yake ni yale yale ya kule ndani, laini, hayapandi sauti.

Nilikaa na simu ile mapajani mpaka wali ukaungua. Nikikaa kimya atashtuka. Nikimkatalia atashtuka. Basi nikamjibu kama Baba: “Tunaomba radhi. Kwa mlango, fundi wetu anahitaji kuliona kufuli lenyewe. Tafadhali ling'oe ulilete.” Ameusoma. Hajajibu. Kila simu inapowaka naigeuza kifudifudi.

Milango nimeifuta kwenye ukurasa. Tumebaki na makabati, kama ulivyosema. Nililisaka soko ambalo mtu akitafuta ataangukia kwetu tu, nikalipata, naye akaangukia humo humo. Silali nikilifikiria hilo. Halafu nafikiria upande wa pili: asingetukuta sisi, angekuja na nyundo siku ile ile aliyoagiza, na siku hiyo tulikuwa ndani, si kliniki.

Nimepanga chumba kingine. Mama Cherehani anapajua, ndiye atakayekuelekeza kwa mdomo, sitaandika. Njoo na kitasa kipya. Njoo mwenyewe.

Umesema nani kampa picha nikuachie wewe. Nakuachia. Lakini ufunguo ule ulitoka mkononi mwangu wiki moja tu, Kaka, na ulirudi umeviringishwa kwenye leso. Sijakuuliza kitu. Nimesema tu.

Chiriku wako


22 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini wewe na mjukuu wangu mko salama. Mimi namshukuru Mungu, miguu tu.

Kaka yako ameniandikia kwa ukali, mimi niliyemzaa, kwa habari ya kitambaa. Nimeona bora nikwambie mwenyewe kabla watu hawajaongeza chumvi. Ni kweli mumeo alikuja hapa. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba yenu akalia kama mtoto. Alikonda. Alisema hana nia mbaya, anataka tu kuingia akuwekee zawadi ndani, ukirudi uikute ushangae, moyo ulainike. Nikaona ufunguo uko mezani, Mungu mwenyewe ameuleta. Nikamruhusu apige picha, nikamwelekeza na mtaa. Sikumpa ufunguo wenyewe, maana nilikuapia.

Mwanangu, mwanamke hakai peke yake na meza mlangoni. Nilikuona ukilala vile nikasema huyu atakufa kwa woga. Nilitaka uwe na mtu. Kama nimekosa, ni mapenzi ya mama yaliyokosa.

Amenipigia jana, mpole, anasema hakukukuta. Ananiuliza mmehamia wapi. Nikamwambia sijui, na ni kweli sijui, na jambo hilo linanichoma. Nataka kuja kumwona mtoto. Niambie mlipo, na safari hii unichongeshee ufunguo wangu mwenyewe, nikija mchana upo kazini nisikae nje juani na umri huu.

Mama yako


27 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mtoto hajambo, kifua kimepona, anakusalimu na amekuchorea kuku.

Zawadi niliikuta mlangoni. Ilikuwa komeo la kufungia kwa nje, na kufuli lake. Nimempa Kaka akuletee, uiweke mezani juu ya kitambaa chako, akija tena umrudishie.

Sijaacha kukupenda. Nakuogopa tu, na sikujua kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa chumba kimoja. Kaka atakuja kukuchukua siku utakayotaka, atakuleta mpaka mlangoni. Kitasa ni kipya, funguo zake ni mbili, na wa tatu Kaka hatauchonga.

Ukifika, Mama, bisha hodi. Nitauliza nani.

Mwanao